Lori ya Majani Haisimami, Treni Husimama

Mpendwa Baba,

Kutoka hapa Kimulot mpaka msitu wa Mau hakuna mtu anajua treni kunishinda, na hata dereva wa treni ya Nairobi akipotea njia, ni mimi atanipigia simu. Najua ungesema, "Weri, kijana wangu, treni iko na reli, itapoteaje?" Nyamaza kwanza, Mzee. Leo naongea mimi.

Nimechoka. Wewe umelala kwa shangazi kule Silibwet ili uwe karibu na kliniki, na mimi, mtu wa Nairobi, nimevaa aproni yako ya plastiki nachuma chai yako kwa mvua. Kikapu kinanikata mabega. Jana karani wa kituo cha kununulia chai alimwaga majani yangu mezani, akayapekua kama mtu anatafuta chawa.

"Hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe? Baba yako alikuwa analeta majani mawili na chipukizi, safi!"

"Baba yangu hakuwa na shughuli za mjini," nikamjibu.

Watu wakacheka, kisha wakarudia swali lao la kila siku: ilikuwaje Mzee akaangushwa na treni? Sasa nimegeuka mwalimu, mimi niliyeachia shule kidato cha pili. Nasimama kando ya mizani nikifundisha watu ambao hawajawahi kuona hata behewa moja. Kaa nyuma ya mstari wa manjano. Ngoja isimame kabisa. Acha wanaoshuka washuke. Usininginie mlangoni ati unatafuta upepo. Na ikishaanza kutembea, hiyo si yako tena, ngoja ingine. Wanatikisa vichwa kama wako kanisani. Ni rahisi hivyo, Baba, na ndiyo maana inaniuma. Mtoto wa nasari angeelewa.

Lakini wewe ulinifundisha kitu ingine. Unakumbuka ule mlima wa tope, lori ya majani ikipanda? Dereva hasimami hapo, akisimama tu magurudumu yanazama. Nilikuwa na miaka kumi. Ulikimbia kando ya lori, ukashika chuma, ukapanda, halafu ukageuka ukaninyooshea mkono. "Usingoje isimame, weri! Ruka!" Nikaruka, ukanidaka. Siku hiyo nilijiona mrefu kuliko miti ya blugamu.

Halafu ukaja Nairobi kuniona, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, umekizungushia sweta. Nilikuwa nimekuahidi treni. Pale steshoni ulisimama nyuma kabisa ya mstari, miguu pamoja, kama mtu anangoja kubarikiwa. Nikakucheka.

"Mzee, unaogopa chuma?"

"Siogopi. Naiheshimu."

Treni ikaja, ikasimama vizuri, watu wakaingia. Ukaniuliza, "Hatuingii?" Nikakwambia ngoja kwanza nijipige picha nayo. Nikajipiga kumi. Honi ikalia, ikaanza kutembea. Nikaruka ndani. Wewe ukaja mbio na kibuyu chako. Chuma ulikigusa, hukukishika. Ukaangukia nyonga pale jukwaani, na mursik yote ikamwagika.

Tulipokurudisha huku, hospitali ya Longisa, ulimwambia kila aliyekuja kukuona, "Niliteleza. Kijana alinikataza, mimi sikusikia." Hata hukuniangalia. Mbona hukunigombeza? Ungenirushia kiatu, ningelala usingizi. Badala yake shangazi anapiga simu kusema bado hujaweza kusimama, na hakuna anayejua kama utapanda tena kuja hili shamba, lakini wewe unauliza tu kama nimekula. Nimekula, Baba! Wacha kuuliza!

Na huo uongo wako niliuchukua nikautia chumvi. Pale kituoni nasema nilipiga kelele, "Ngoja, Mzee!" mpaka sauti ikakauka. Wananisifu. Karani mwenyewe alisema nina akili kuliko baba yangu, na nikaipokea hiyo sifa.

Pona, Mzee. Chai nitachuma, hata huyo karani apekue mpaka kucha zimtoke. Lakini kesho wakiniuliza tena, nitawaambia vile ilikuwa, na nimeona nikuandikie wewe kwanza, ingawa ulikuwa hapo na ulisikia. Sikusema ngoja. Nilisema ruka. Na ulipofika mlangoni ukitafuta mkono wangu, mkono huo ulikuwa umeshika simu.

Mimi, yule uliyemdaka,
Kijana wako