Alitaka Jina Langu Tu

Bwiza, Bujumbura

Dada yangu Zena,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute umeketi mahali pa kivuli, kikohozi kimekuachia usingizi wako, na Mama amekula akashiba. Niambie ukweli, goti lake likoje? Kwenye simu yeye hujibu "sijambo" tu hata kama ameshikilia ukuta. Sisi huku tuzima. Mke wangu Mama Salma mgongo umempa nafuu, amerudi kuuza vitumbua vyake mlangoni asubuhi. Mvua imezidi, Bwiza yote ni tope, lakini twashukuru.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, simu yako unaiweka sauti ya nje, Mama anasikia kila neno, na Mama akisikia basi Ujiji nzima imesikia. Hili nataka ulisome peke yako kwanza. Kuna maneno yanatembea hapa juu yangu, na wachuuzi wa dagaa na vitenge wanakwenda Kigoma na kurudi. Yatafika tu. Watakwambia Sudi wenu alikuwa anawachinjia nguruwe wanajeshi, tena akitaka kuwalisha Waislamu wenzake. Sijachinja, Dada, Mungu ni shahidi wangu. Lakini aliyefanya nionekane hivyo ni mtu niliyemwita ndugu, na hilo ndilo linaloninyima raha hata ya kula.

Deo unamkumbuka. Ajida Deo, ndicho cheo chake, yule mwanajeshi aliyekuja nami kwenye msiba wa Baba, akachimba kaburi pamoja na wajomba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ndiye aliyeniombea kazi ya ufundi wa magari kambini. Ni Mkristo, mtu wa kanisani kwao, lakini adabu zetu anazijua kuliko Waislamu wengine. Siku za mwanzo aliwahi kumtaja nguruwe tukiwa tunakula kwangu. Mama Salma akainuka, akaondoa sahani. Tangu siku ile Deo hajalitamka jina hilo ndani ya nyumba yangu. Nilimpenda kwa hilo, sikufichi.

Na ujue kambini mimi si fundi tu. Pale kuna askari wa dini zote na sufuria ni moja. Ng'ombe wa sikukuu akiletwa, naitwa mimi nichinje, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Hapa Bwiza ni hivyo hivyo. Harusi, akika, hata Wakristo wenye wageni Waislamu hunijia mapema na mbuzi wao. Mtu akiuliza nyama, anajibiwa "amechinja Mzee Sudi," na mazungumzo yanaishia hapo. Sina duka wala elimu kubwa. Nilichopata katika mji huu wa watu ni hicho.

Basi, baada ya Idi Deo alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akasema kuna mnyama anamaliza shamba la kambi. Komanda amekubali awindwe humo humo ndani ya uzio, ila bunduki hazitaki kabisa kwa sababu ghala la risasi liko karibu. Iwe nyavu, mikuki na mbwa. Nyama ni ya wawindaji wenyewe.

"Mzee Sudi," akanambia, "bila we hii kazi haina maana. Nusu ya watu hawatakula."

Dada, mimi nikajua ni pongo, yule wa vichakani mwenye pembe. Shamba lenyewe sijawahi kulikanyaga, liko nyuma ya maghala, upande ambao sisi raia hatupiti. Na nyumbani tulikua tukisikia habari za pongo tu, pongo kala maharage ya fulani, pongo kavunja mahindi ya fulani. Sikuuliza. Kwa nini nimwulize mtu kama Deo?

Tukapanga. Yaani tulipanga kama watoto wanaosubiri sikukuu. Jioni wanakuja askari wawili watatu uani kwangu, Mama Salma anawapa chai, tunachora ardhini kwa kijiti. Mimi nikasema nyavu zikae upande wa mfereji, kwa sababu mnyama akitishwa hutafuta penye maji. Wapiga makelele watoke uwanja wa gwaride na mabati na masufuria. Mikuki ikae nyuma, isimguse mpaka nifike, kwani lazima nimkute angali hai. Deo akasema usijali, mikuki itakuwa mbali, roho yake ni yako. Nyavu nikaziazima mimi, zile kuukuu za kuvulia sangala, kwa mvuvi mmoja ninayeswali naye. Kamyoneti, ile pikapu ya kambi iliyolala muda mrefu nikaiamsha mimi. Nikawaomba tu mbwa wasipande gari nililopanda mimi, maana nitakuwa na udhu wangu na kanzu ya kuswalia. Deo akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mbwa kwa miguu, Mzee Sudi kwa gari," akasema. "Jeshi letu limebadilika."

Wote tukacheka. Nikiikumbuka ile jioni najiona mjinga. Walikuwa wanasema "munyama", "ule mukubwa", "yule mwenyewe". Hakuna hata mmoja aliyemtaja, nami sikuona ajabu. Nilidhani ni lugha yao ya jeshini.

Siku zile nikapita kwa Abdu, mchoma nyama wa hapa mtaani, Mwislamu safi. Akaniinukia kwa furaha, akaniuliza pongo wetu anafika lini, maana Ajida amemwambia atamuuzia mapaja na kwamba kisu ni changu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, tazama Deo, hata watu wangu amewakumbuka. Nikamjibu Abdu kwa mdomo wangu mwenyewe, Jumamosi inshallah. Nalirudia hilo jibu kila nikilala, Dada.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, nilikuwa chini ya gari kambini. Nyuma ya gereji kuna kaporali alikuwa ananoa mikuki, mtu wa makamo, mpole. Akaniita.

"Mzee, nikuulize, usikasirike. Dini yenu imebadilika?"

Nikamwuliza imebadilika vipi. Akasema kwake ni jambo kubwa, mutu mushika dini kama mimi kukubali kuchinja nguruwe. Nikacheka, nikadhani ni utani wa askari. Yeye hakucheka. Aliponitazama vizuri akaweka jiwe la kunolea chini, akasimama.

"Apana, Mzee. Ajida alitukataza tusitaje jina yake mbele yako. Alisema unajua, ila unaona haya kulisikia."

Nilikwenda shambani, hakuna aliyenizuia. Mihogo imefukuliwa kama imelimwa na trekta. Nyayo ziko kila mahali kwenye tope. Hakuna pongo anayelima hivyo. Nikachuchumaa pale pale kati ya mihogo ya watu.

Deo nilimkuta penye mfereji anafunga nyavu nilizoziazima. Sikupiga kelele. Nilimwuliza, kesho tunawinda nini?

"Yule munyama, Mzee."

"Mtaje."

Hakumtaja. Fikiria, Dada, hata hapo alishindwa kumtaja mbele yangu. Akaanza kusema anaiheshimu nyumba yangu, Mama Salma anamjua, amezoea kuuzuia ulimi wake nikiwepo. Halafu akasema, "Mi sikukudanganya. Nilisema munyama. Pembe uliweka we mwenyewe."

Nikakaribia kumwamini, Mungu anisamehe. Ni kweli pembe niliziweka mimi. Kisha nikamkumbuka Abdu.

"Na Abdu? Yeye pembe alizipata wapi?"

Akavuta ule wavu, akaukunja, akaukunjua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, "Ikikatwa vipande na pilipili iko juu, nani angejua? We ungekaa kwa gari. Hata kisu usingeshika. Mi nilitaka jina lako tu."

Jina langu tu. Kama mtu anayeomba kiberiti.

Nilikwenda kuoga, nikaenda msikitini, na baada ya swala nikamweleza imamu, nikamfuata Abdu nikamweleza naye. Nilidhani nikisema ukweli mapema nitakuwa nimejiokoa. Abdu alinisikiliza, mikono kiunoni, akanambia, "Mzee, juzi ulinambia inshallah. Leo unanambia nguruwe. Nishike lipi?" Wala simlaumu.

Jumamosi walikwenda bila mimi. Nasikia walipata wawili, wakala wenye kula, na hiyo ni haki yao, dini yao haiwakatazi. Sina ugomvi na mtu kwa chakula chake. Lakini kwenye baa za hapa Bwiza Deo alipoulizwa kwa nini nyama ya Abdu haikufika, hakusema "nilimficha." Alisema Mzee Sudi tulipanga naye kila kitu, nyavu ni zake, njia alionyesha yeye, siku ya mwisho akatukimbia kwa sababu ya kugombea fungu lake. Na ubaya wa maneno hayo, Dada, ni kwamba nusu yake ni kweli. Nyavu nilileta. Njia nilichora mimi uani kwangu, na majirani waliona. Hata yule mvuvi amezikataa nyavu zake, anasema nizichome.

Imamu aliniita, akanishika mkono. Aliniambia yeye ananiamini, ila nipumzishe kisu mpaka watu watulie. Wiki iliyopita kulikuwa na harusi mtaani kwetu, nyumba ya pili kutoka kwangu. Walimleta mchinjaji kutoka mtaa wa Buyenzi. Mimi nilialikwa, wakanikalisha mbele, wakaniwekea kipande kizuri kuliko vyote. Hakuna aliyenitukana. Nilikula ile nyama mpaka ikaisha.

Deo amekuja mara moja, Jumapili, akitoka kanisani na nguo zake nzuri. Mama Salma alimpa chai kwa kuwa ni mgeni. Akasema tusiache urafiki kwa ajili ya munyama. Nilimwambia Mungu anatusikia sote wawili, na mimi nimemsamehe. Ulimi umesamehe, Dada. Kifua bado, naomba kila alfajiri kiufuate ulimi. Mtu angeniibia gari ningemwelewa. Huyu alichukua adabu ile ile niliyompendea, ya kutolitaja jina, akaifanya pazia la kunifichia.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa akika ya mjukuu wako. Umeniandikia kwamba mnaningoja mimi nichinje, kwa kuwa ndimi mwanamume mkubwa wa nyumba ya Baba uliyebaki naye. Nimefurahi sana, kisha nikaogopa. Nakuomba kitu kimoja. Usinitetee mbele ya watu. Wasomee barua hii shemeji na wajomba, yote, pamoja na nyavu na ile inshallah yangu kwa Abdu. Halafu waulize kama bado wanautaka mkono wangu. Wakisema ndiyo kwa kinywa kimoja, nitavuka nije na kisu. Ukiona hata mmoja anatazama chini kabla ya kujibu, tafuteni mwingine, nami nitakuja vile vile, nitakaa na wageni na kumwombea mtoto dua. Lakini niambie ipi kati ya hizo mbili, nisije nikafika na kisu mkobani nikasoma jibu kwenye nyuso zenu.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya miguu nimeipata, ataiona. Nisalimie mjomba mkubwa na mjomba wa Gungu. Shangazi mwambie kitenge chake cha kijani bado nakitafuta. Mama mzazi wa mtoto mpe pole ya uzazi na umbusu mtoto paji la uso kwa niaba yangu. Mama mwambie nimemsalimu sana, mengine umpe ukishapata jibu la wajomba.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha Alhamdu kabla sijajua kuvaa viatu,

Sudi