Bingwa wa Mwisho wa Wiregrass

Dothan, Alabama
6 Machi 1988

Kaka Verlin,

Salamu katika jina la Bwana. Hujambo wewe na goti lako? Sisi hatujambo, ila mke wangu Nadine anakohoa tangu baridi ianze.

Ukumbi wa mieleka umeuzwa, sasa wanauza matrekta mle. Mwenye kuandaa mapambano amefariki na wanawe hawautaki. Ubingwa wa Wiregrass, eneo letu hili, ulioshikiliwa na watu kumi na tisa tangu mwaka 1951, umekufa hivyohivyo, na mkanda uko kwako kwa kuwa wewe ndiye uliyenishinda mara ya mwisho.

Basi njoo nyumbani. Uliondoka hapa kijana, ukarudi umenyoa kichwa na kujiita ulingoni Baroni wa Ujerumani, na kwa miaka ishirini mji umekujua kama adui yangu tu. Ile sheria ya kazi yetu, kwamba watu wasijue tunaigiza, na mwema na mwovu wa ulingoni wasionekane wala kula pamoja, haina tena wa kuilinda. Nataka nisimame kanisani niseme: huyu ni ndugu yangu, tumbo moja.

Mdogo wako,
Hoyt

Tulsa, Oklahoma
2 Mei 1988

Mdogo wangu,

Nimepokea salamu. Goti siku hizi linatabiri mvua, tena bila mshahara. Nadine mpe pole.

Siji. Wapo kina mama waliokufungia saumu nilipojifanya nimekuvunja mkono ulingoni, na mkono haukuvunjika. Unataka niwatazame vipi? Tena bingwa ni bingwa mpaka apigwe, na mimi hakuna aliyenipiga. Nakula peke yangu, nimezoea.

Kaka yako,
Verlin

Dothan
12 Juni 1988

Kaka,

Bwana akutunze. Nadine amepona, tunashukuru.

Nimefanya jambo bila ruhusa yako. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikakiri kwamba wewe ni ndugu yangu. Kisha Bi Eula, yule aliyekuchoma paja kwa pini ya kofia ukipita kwenda ulingoni, akasema palepale alipokaa:

"Keti, mwanangu. Tunajua tangu mwaka wa kwanza. Mjerumani gani anatembea kama marehemu baba yenu?"

Kanisa zima likacheka. Wanasema walinyamaza wasije wakatuharibia riziki. Hakuna mwenye kinyongo. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Hoyt

Tulsa
30 Septemba 1988

Hoyt,

Barua yako niliisoma nikaiweka. Ndiyo maana nimechelewa.

Siku tuliyomzika Mama, nilikaa ndani ya gari ng'ambo ya makaburi, kofia usoni, kwa sababu Ijumaa yake tulikuwa na pambano. Bi Eula alipita karibu hata nikasikia manukato yake. Kama walijua, mbona hakuna aliyenigongea kioo?

Kaka yako,
Verlin

Dothan
9 Oktoba 1988

Kaka,

Leo sina salamu nyingi. Bi Eula nimemuuliza. Machozi yalimtoka.

Lakini swali hilo si lake. Mimi nililiona gari. Nilikuwa nimeshika jeneza, nikakuona, nikageuza uso, maana tiketi za Ijumaa zilikuwa zimeuzwa zote. Kanisani nilikiri yote, ila hilo sikulikiri. Mungu analijua, na sasa na wewe.

Usije. Nakuja mimi. Basi la Jumamosi linafika kwenu saa tisa alasiri. Usipotaka kunipokea, nitakaa hapo kituoni mpaka la kurudi.

Mdogo wako,
Hoyt