Vifuko Nilivyomwekea Bi Rehema

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeyeyusha chembe za polyesta ya mahindi na miwa, nikazikandamiza kati ya mabamba, nikazipoza upesi kwa maji. Vifuko vya miche, laini. Hivi ni vya wateja wa kawaida wa sokoni. Vya Bi Rehema, muuza miche wa kando ya barabara ya Outer Ring, vilikuwa kabatini tangu Julai. Nilimchagulia vilivyo bora. Amevichukua leo. Alinikaribisha chai kibandani kwake. Nilimjibu kwamba ninashukuru kwa dhati, ila ratiba hainiruhusu. Sina ratiba yoyote.

Jumatatu, 8 Septemba
Bi Rehema amerudi. Vifuko vya kwanza vimepasuka alipovijaza udongo, vilivyobaki amenirudishia. "Mzee Mutua, umeniuzia biskuti." Hakucheka. Nikishindwa kumpa vizima Jumamosi, atarudia pakiti kuukuu za maziwa. Tangu mke wangu Syokau afariki, hakuna mwingine anayebisha mlango huu. Naogopa.

Jumanne, 9 Septemba
Vifuko vipya vinakunjika bila ufa. Gunia la chembe ni lilelile. Sielewi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimewasilisha ombi langu katika maabara ya chuo, ibara nne, kwa heshima na taadhima. Fundi, binti mpole, alilisoma lote. Kisha akakunja kifuko cha Bi Rehema, kikavunjika. Akauliza kilitengenezwa lini, kikawekwa wapi.
"Basi kimezeeka, mzee. Kwa kulala tu."
Alifafanua. Polyesta ikipozwa upesi, molekuli zake hukwama kabla ya kujipanga, zikiwa zimeachiana nafasi. Zikiachwa, hutulia polepole, husogeleana, kitu kikakakamaa. Maji ya moto huzilegeza. Lakini zikiwekwa tena, zitatulia tena.
Kwa hiyo nilimharibia kwa kumtunzia.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimechovya kimoja katika maji ya moto, kisha ya baridi. Kimekunjika. Nimecheka peke yangu jikoni. Sauti yangu imenishtua.

Jumamosi, 13 Septemba
Sikumngoja. Nilivichovya vyote vilivyobaki asubuhi, nikampelekea kibandani. Nilikuwa nimetunga maelezo rasmi, niliyasahau. Nilisema tu kwamba visiwekwe, vitumiwe leo. Alijaza kimoja udongo, akapanda mche wa sukumawiki, akakibinya. Kikashika.
"Na wewe utasimama hapo mpaka lini?"
Akapindua ndoo, akanisogezea. Nikaketi. Chai ilikuwa na tangawizi.