Picha Safi ya Kifua

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu amerudi tena na kikohozi. Anasema ni mafua. Mafua gani haya, yamepiga kambi na hayaagi? Kwenye ngazi amesimama kupumua. Aliponiona akainama kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilishuku sigara. Nimenusa shati lake. Si tumbaku. Ni vumbi la mawe tu, jeupe, hadi ndani ya mshono wa kola.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita karakanani kwao, kwa kisingizio cha chakula alichosahau. Wanakata mabamba ya mawe ya kuweka juu ya makabati ya jikoni. Msumeno una bomba la maji la kutuliza vumbi. Bomba limefungwa kwa waya. Nikauliza kwa nini.

"Maji yanafuta mstari wa penseli, mama," akanijibu fundi mwenzake. "Unataka tukate jiwe la watu upogo?"

Na wakaguzi wakija?

"Siku hiyo tunafungua maji. Siku hiyo sote watakatifu."

Walicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikazunguka kutoka huyu hadi yule. Sikukipenda.

Jumamosi, 8 Machi

Habari njema, eti. Karakana iliwatuma mafundi kliniki wakapigwe picha za vifua. Aliyekutwa na makovu ya vumbi mapafuni ameachishwa kazi. Picha ya mwanangu imetoka safi. Kifua kile?

Mkwe wangu amepika kama wa sherehe. Amemwalika kaka yake, muuza mitumba, yule tunayemwita Ngongoti kwa urefu wake. Mwanangu akamwekea kipande kikubwa cha nyama — kabla yangu mimi mama yake. "Kula, shemeji, umestahili."

Nikauliza amestahili nini. Mkwe akakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Walipotoka nimeitoa picha kabatini, nikaielekeza dirishani. Mimi si daktari. Lakini mwanangu alianguka ukutani akiwa darasa la tatu, mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani, ukavunjika na kuunga vibaya. Hadi leo una kinundu. Nakigusa kila ninapompaka dawa ya kifua. Kwenye picha, mitulinga yote miwili imenyooka kama rula.

Si kifua cha mwanangu.

Mkwe aliporudi nikamwita. "Mama, usinitie katikati," akasema. Katikati ya nini? Akalia. Wengi wamefanya hivyo, amesema. Kliniki inauliza jina, haiangalii uso. Huyu kamtuma mdogo wake, yule kamtuma mpwa wake. Kwa jina la mwanangu amevua shati Ngongoti.

"Wangemfukuza, mama. Na mtu anayekohoa, nani atamwajiri?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watoto wa watu niliwafundisha methali hiyo wakaielewa. Wangu ameikariri tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mwanangu: twende hospitali, na safari hii uende na kifua chako mwenyewe. Hakukana. "Mama, usinisahihishe kama karatasi ya mtihani."

Kisha akatoa mengine, macho sakafuni. Kuanzia kesho anahamia chumba cha ndani, wanamosagia kingo za mawe, pakavu, bila dirisha. Waliokuwa humo wameachishwa wote.

"Kwa nini wewe?"

"Wanataka mtu mwenye mapafu safi."

Mkwe wangu akaweka sahani chini. Hilo hakuwa amelijua.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi, bahasha ya picha mapajani, daftari hili juu yake. Mwanangu ameniona akiingia kazini. Alitikisa kichwa mara moja — usithubutu — akapita.

Nikisema, atakosa kazi, na wenzake watakosa naye. Itakuwa mimi niliyewachongea. Nisiposema, ataingia chumba kile leo, na kesho, na kila siku.

Mashine ya ndani imeanza kunguruma. Chini ya mlango wake unatoka weupe, taratibu, kama mvuke.

Msimamizi amechungulia. Kijana wa heshima. "Shikamoo, mama. Umekuja kumpongeza mwanao?"

Nimemwambia anisubiri kidogo, kuna sentensi naimalizia.