Nije Biharamulo Kukusikiliza, au Nisije?

Mpendwa mwanangu Devotha,

Marahaba. Hujaniamkia, najua, lakini nimeitikia mapema ili tusikwamie hapo. Sisi huku Murusagamba tu wazima kiasi. Baba yako mzima, mgongo tu ndio unamsumbua tangu tuanze kupalilia maharage, na hospitali hataki, anasema ni uchovu. Bibi yako mzima, anakula, anasali, ila macho yamefifia, na kila pikipiki ikipita anauliza, "Ni Devotha?" Mdogo wako Jenista mzima, amejifungua mtoto wa kike, na mtoto ameshaota meno mawili, anang'ata. Mbuzi wazima. Migomba ya nyuma ya nyumba iliingiwa na mnyauko, tumeing'oa yote. Hofu ni kwako wewe tu. Unakula? Joto la Dar es Salaam umelizoea?

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo soma taratibu. Ningepiga simu, lakini nikipiga unasema, "Mama, niko mazoezini, nitakupigia," nami nabaki na simu ya baba yako nimeifunga kwenye pindo la kanga mpaka inaisha chaji.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili iliyopita katekista alitangaza baada ya misa kwamba mwezi ujao kuna tamasha la muziki Biharamulo, na mpiga kinanda ni wewe. Watu wakapiga makofi. Wakanigeukia. Nikacheka kama mtu mwenye habari zake, kumbe nasikia pamoja nao. Nikamfuata Sista nje, yule yule aliyekufundisha, nikamwambia nitapanda gari la asubuhi nije kukusikiliza. Akanishika mkono, akasema kwa upole, "Mama Devotha, subiri kwanza tumuulize mwenyewe. Safari hii kuna wageni wengi."

Devotha, mimi ni wa kuulizwa kama niingie au nisiingie?

Najua kwa nini. Leo tuliongee, maana tangu siku ile hatujawahi kuliongea.

Unaukumbuka ubao? Kinanda cha parokia kilikuwa kinafungiwa siku za kazi, baba yako akakurandia ubao, ukachora vibonye, vyeusi ukavipaka mkaa, vyeupe ukaviacha na rangi ya mti. Kila jioni unakaa nao mlangoni pa jiko, vidole vinagonga, sauti hakuna. Majirani wakasema mtoto karogwa. Mimi nilikuwa nalima sehemu yako ya shamba ili wewe upate muda wa kugonga. Nasonga ugali huku nasikiliza, na baada ya miezi nikawa naujua wimbo kwa vidole tu. Siku moja nikakuambia, "Rudia hapo, umeruka." Ukabaki mdomo wazi.

"Mama! Umejuaje?"

Nilijuaje! Mkono wa kushoto ulichelewa. Masikio ninayo.

Ndipo ukanieleza habari za aliyeutunga, kwamba alikuwa Mjerumani wa zamani, mpiga kinanda wa kanisani, mwenye watoto ishirini. Nikakuuliza, "Mama yao alikuwa wa chuma?" Ukasema walikuwa mama wawili, wa kwanza alifariki. Nikasema, "Asingefarikije?" Tulicheka mpaka ugali ukaungua, na baba yako akaula hivyo hivyo kwa manung'uniko.

Halafu ikaja siku ile ya Biharamulo. Ukumbi umejaa, na mbele wamekaa wageni na karatasi zao, wamekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumpeleka chuo cha muziki. Ulipiga vizuri, mwanangu. Nilikuwa nakufuata kwa vidole vyangu juu ya goti, kibonye kwa kibonye. Ukafika pale, ukainua mikono. Kimya. Nikasimama. Nikapiga impundu, vile vigelegele vyetu vya harusini, nikaja mbele nikicheza, nikakufunika kitenge kipya mabegani kama tunavyomtuza mtu aliyefanya vizuri. Kwetu mtoto akimaliza na mama amekaa tu, watu wanasema humpendi. Nikakukumbatia, kiwiko changu kikalalia kinanda, kikatoa mlio wa ng'ombe aliyekanyagwa. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Mama, muziki haujaisha!" Ukumbi mzima ukacheka. Nawe ukaninong'oneza maneno mawili.

"Mama, toka."

Nikatoka. Hukuchaguliwa. Wakamchukua mwingine, wewe ukangoja miaka miwili mpaka Sista akakuombea nafasi tena. Kwenye basi la kurudi ulikaa kiti cha mbali na mimi. Na hili hulijui: mpaka leo wanawake wenzangu kisimani wananiita Mama Impundu. "Mama Impundu, ndoo imejaa au haijaisha?" Nami nacheka nao. Nifanyeje?

Lakini sasa nisikilize. Wimbo ule ulikuwa na karatasi mbili. Sista alikuruhusu kuja na moja tu nyumbani. Ya pili aliihofia moshi na mvua, ukawa unajifunzia kule kule parokiani, Jumapili baada ya misa. Kwenye ubao wetu ulikuwa unafika pale pale, unainua mikono hivyo hivyo, halafu unaniambia, "Basi mama, imeisha, tukale." Kila jioni. Hata siku moja hukuniambia kuna karatasi nyingine, mimi nimekuja kuambiwa na Sista wewe umeshaondoka. Sikuwa mshamba nisiyejua muziki, Devotha. Niliujua wimbo wako mpaka pale uliponiambia unaishia.

Haya nilikuwa nimeyameza. Nisingeyatoa. Ila Jenista alinionyesha kwenye simu unavyohojiwa, umevaa gauni jeusi, umependeza, umekonda. Wakakuuliza muziki ulianzaje. Ukasema umelelewa na Sista, na nyumbani hakukuwa na mtu anayeelewa. Nikamwambia Jenista arudishe nyuma. Akarudisha. Ukasema vile vile.

Sista alikufundisha, Mungu ambariki, sina neno naye. Lakini kulea? Homa zile zote nani alikuwa anakubeba mgongoni mpaka zahanati? Baba yako ananiambia, "Huyo sasa ni mtoto wa watu, mwache." Yeye anaweza kusema hivyo na bado akala. Mimi chakula kinanishinda, halafu nalala nikiwaza kama na wewe umekula.

Juzi nilimfuata mwalimu wetu wa kwaya kanisani, nikamwomba anipigie wimbo ule mpaka mwisho kabisa. Akasema, "Mama, wewe una mambo," lakini akafungua kinanda, akapiga. Nilikaa kwenye benchi peke yangu. Ile karatasi ya pili kumbe ni ya huzuni. Nikajiuliza ulikuwa unajifunza huzuni yote ile huko parokiani, halafu unarudi nyumbani unaniambia imeisha, tukale. Ulikuwa unanificha, au ulidhani sitaielewa? Nilitoka pale kanisani sijui nikukasirikie au nikuonee huruma. Mpaka sasa sijui.

Basi, nijibu upesi. Nafasi kwenye gari inatakiwa kushikwa mapema, na bibi yako lazima nimtafutie mtu wa kushinda naye. Ukisema nije, nitakaa nyuma kabisa, mikono nimeikalia, na wengine wote wakisimama ndipo na mimi nitasimama. Ukisema nisije, sitakuja. Nitabaki na maharage yangu, na katekista akiniuliza nitasema mgongo wa baba yako umezidi. Sitakulaani, siwezi hata nikijaribu.

Ila neno hilo liseme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nilisikie. Usimtume Sista. Yeye akiniambia nisije, nitasema ni upole wake tu na wewe hujui lolote, na nitaendelea kukungoja. Nimechoka kukungoja hivyo. Piga simu ya baba yako kabla ya Jumapili. Nitakuwa nayo mimi.

Ni mimi,
mama yako mzazi.