Gitaa la Plastiki Tulilolitia Mawe ya Mizani

Mabwerebwere,
S.L.P. 47,
Kilosa.
3 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Valentino,

Marahaba. Juzi ulipopiga simu shikamoo yako ilifika vizuri, mtandao ukakata kabla sijaitika, kwa hiyo naanza kwa kuitika. U hali gani huko kwenye baridi? Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu, ambaye mpaka leo namwona kwenye kioo cha simu tu, meno yameshatoka? Huku hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda mlima, lakini mdomo wangu ni mzima kabisa, kama utakavyoona.

Mto Mkondoa mwaka huu ulikaa njiani mwake, haukututembelea majumbani. Mpunga tumevuna na tumeanika. Treni ya umeme inapita, nami sijaipanda. Nangoja uje unipandishe wewe, maana pesa ya nyanya zangu ina kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye lile gitaa la gemu ulilomtumia baba yako. Najua kila ukimuuliza anakujibu kwamba anaendelea vizuri, kisha anakuuliza habari za theluji. Hiyo ndiyo tabia ya kaka yangu tangu utoto. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa amekaa hapo pembeni ananikazia macho, na barua hawezi kuikatisha.

Unajua kwamba nilimtoa Mikumi nikamleta kwangu baada ya kile kiharusi, mkono wa kushoto ukiwa umelala. Usilolijua ni hili. Mwezi wa tano alimpigia simu Gabrieli, mwalimu wa kwaya ya Mikumi, akamwambia ajiandae kulichukua gitaa lake. Nasema lile la mbao, alilowapigia kwaya tangu wewe hujaanza shule. Gabrieli akasita, mzee akang'ang'ania. Wakakubaliana kwamba atalitoa Jumapili ya mavuno, lipelekwe mbele pamoja na mahindi, kuku na vikapu vya maharage, kwa sababu kwetu zawadi ya kanisa haitolewi kichochoroni. Mimi niliambiwa mwisho kabisa, tena nikiwa nasonga ugali.

Niliumia, Valentino. Nilijua gitaa likishafika mbele ya altare, na mkono nao ndiyo basi. Mazoezi atayafanya kwa ajili ya nini? Ya kushika kikombe? Kikombe anashikiwa na mimi. Devota, yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, aliniambia waziwazi kwamba mkono unaweza kurudi, ila lazima mwenyewe autake. Na mwenyewe alikuwa hautaki.

Ndipo mzigo wako ukafika. Abubakari, fundi simu wa hapa mtaani, alikuja kuunganisha ile mashine kwenye runinga, akamfundisha mzee namna ya kucheza. Taa za rangi zinashuka kwenye kioo, unabonyeza kitufe cha rangi hiyo hiyo shingoni mwa gitaa kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unapiga kile kibao cha katikati badala ya nyuzi. Mimi nikaona dawa imepatikana. Vidole ni vile vile, mkono ni ule ule.

Baba yako akalivaa, akabonyeza, na gitaa zima likampindukia kifuani. Ni jepesi kama ungo, mwanangu. Mkono wake ulikuwa haujui kipimo, ukibonyeza unasukuma, na lile gitaa lako halikuwa na uzito wa kukataa kusukumwa. Mara limemkimbilia kwapani, mara limetazama dari. Akahangaika nalo mpaka jasho likamtoka, kisha akalivua polepole na kuliweka kwenye kiti. "Costa," akaniambia, "mimi ni mgonjwa, si mtoto."

Nikalichukua, nikalitundika ukutani. Na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo napika.

Devota alikuwa amemfundisha kuzamisha mkono kwenye beseni la nafaka na kuchezesha vidole humo, ili mkono ukumbuke kwamba unashika kitu. Nikajiuliza, kama nafaka inaukumbusha mkono ikiwa kwenye beseni, kwa nini isiukumbushe ikiwa ndani ya gitaa? Nilikuwa nimeweka akiba ya mbegu ya mpunga wa Kilangali, safi, iliyochaguliwa punje kwa punje, kwa ajili ya msimu ujao. Nikashona vifuko vya kitenge, nikavijaza mpunga, nikamwita Abubakari aje na bisibisi. Tukalifungua gitaa mgongoni. Ndani hamna kitu, Valentino, ni uwazi mtupu na nyaya chache. Wenzetu hawaoni haya kuuza hewa. Abubakari akanionyesha pasipoguswa, nami nikapanga vifuko vyangu palipobaki.

Likatulia. Mzee alilivaa kwa kuninyamazisha tu, lakini lilipomkaa begani niliuona uso wake ukibadilika. Alibonyeza, likabaki palepale. Siku hiyo alimaliza wimbo mzima, ingawa alikosa rangi nyingi kuliko alizopata. Nilikwenda kwa jirani yangu Marciana kumweleza kwamba sasa anaishi karibu na mhandisi.

Uhandisi wangu haukudumu. Panya wa Mabwerebwere hawana adabu, na mimi niliyeishi nao miaka yote nikawawekea mbegu ya Kilangali ndani ya plastiki laini, nikawatundikia na ukutani. Asubuhi tulikuta gitaa limetobolewa nyuma, kitenge kimechanwa, na mpunga umemwagika mstari kutoka sebuleni mpaka chini ya kabati. Niliwatukana panya wale wote na wazazi wao. Nikageuka, nikamkuta baba yako ameegemea mlango anacheka. Anacheka mpaka anajishika mbavu, na anajishika kwa mkono ule wa kushoto. Tangu augue nilikuwa sijamsikia akicheka. Mbegu yangu ya msimu ilikwenda na maji, lakini sikuijutia.

Marciana alisikia vurugu akaja. Unamkumbuka, yule mama wa watu wa kanda ya ziwa anayeuza maharage sokoni. Mimi na baba yako tulikuwa tunagombana kwa Kividunda chetu ili asituelewe, naye akatuelewa hivyo hivyo. Akasema kwao kitu kikikosa uzito hakitiwi chakula, kinatiwa uzito. Alikuwa ameshanunua mizani ya betri, ile inayoandika namba, na mawe yake ya chuma ya zamani yalikuwa yanamzuilia mlango usijifunge kwa upepo. Akayaleta kwenye ndoo.

Abubakari ndiye aliyeyapanga. Tulipoweka la kwanza karibu na shingo, gitaa likainamisha kichwa, na mkono mgonjwa ukawa unabeba badala ya kucheza. Akalihamishia kule nyuma, chini ya kiwiko cha kulia, hapo likakaa sawa. Jiwe hilo alilivisha sponji la godoro langu kuukuu ili lisigongegonge, akalifunga mbali na nyaya. Na lile tundu la panya hakuliziba. Alilikata kingo zikanyooka, akaliwekea kifuniko, likawa mlango wa kuingizia na kutolea mawe bila kushika bisibisi. Kwa hiyo panya nao wana mchango wao.

Tukaanza na hilo moja la robo kilo, na mengine Marciana akarudi nayo kwake. Kila jioni baada ya chakula ilikuwa gitaa. Nyimbo zenu za huko ni kelele tupu, nadhani wanaoziimba wanaumwa mahali, na baba yako alizilaani zote, lakini alicheza. Kidole cha shahada kilirudi kwanza, kile cha kati kikafuata. Kidole kidogo kilikaa kimekunjika kama kimenuna. Nikamwambia hicho kimerithi kwake.

Sasa sikiliza hili. Siku moja nafuta vumbi, nalinyanyua gitaa kwenye msumari, nakuta zito kuliko nilivyoliacha. Nikafungua mlango wa panya. Ndani palikuwa na jiwe la pili, limevishwa sponji kwa mkono usiojua kushona. Nilikwenda kwa Marciana, nikambana mpaka akasema. Baba yako alikuwa ametoka na fimbo yake mchana wakati mimi niko kwenye jumuiya, amevuka barabara peke yake, akamwomba jiwe lingine na kumwapisha asiniambie. Nilirudi nyumbani nikajikausha kama sijui kitu. Nililia jikoni, moshi ukabebeshwa lawama.

Lakini ahadi ya Gabrieli ilikuwa palepale. Jumapili ya mavuno ilipokaribia nilimuuliza mzee kama bado ana nia ileile. Akasema neno limeshafika kanisani na yeye si mtu wa kulirudisha. Nilimwambia Mungu hajawahi kuomba gitaa. Akaniambia nisimsemee Mungu, nikaacha, maana pale nilikuwa nimezidisha.

Jumamosi tukaenda Mikumi, tukalala nyumbani kwake. Gitaa la mbao lilikuwa pale ukutani, limekaa miezi yote limefunikwa shuka. Lile lako la plastiki nililibeba mapajani njia nzima na mawe yake, kwa sababu nilitaka angalau aendelee nalo baada ya lile kuondoka. Miguu ilikufa ganzi, na sikuomba pole kwa mtu.

Jumapili asubuhi niliingia chumbani kwake kumsaidia vifungo vya shati. Hayupo. Kitandani limelala gitaa la plastiki, mlango wake wazi, na mawe ya Marciana yamepangwa juu ya shuka, dogo mpaka kubwa. Ukutani, kwenye msumari, hakuna kitu.

Nikajua ameshalipeleka kanisani mwenyewe ili nisimpigie kelele, na ameyatoa mawe kwa sababu amemaliza. Niliyazoa nikayatia kwenye kanga yangu na kutoka mlango wa nyuma nikisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamkuta uani. Amesimama. Fimbo ameiegemeza ukutani, gitaa la mbao liko begani, na anakaza nyuzi zilizopata kutu. Mkono wa kushoto umeshika shingo.

Aliniangalia mimi na lile furushi langu la chuma, akasema, "Hayo mrudishie Marciana. Hili lina uzito wake."

Nilimfunga vifungo akiwa nalo begani.

Kanisani Gabrieli alikuwa ameandaa hotuba ya shukrani, na ameshonesha mfuko mpya wa kitambaa kizito cha bluu wa kulibebea gitaa. Wakati wa matoleo watu walijipanga na mahindi yao na kuku wao, na nafasi ya baba yako ilikuwa katikati ya mstari. Hakwenda kwenye mstari. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha zamani pembeni ya kwaya, akaanza kupiga. Kwaya wakatazamana, Gabrieli akainua mkono, wakaingia.

Sitakudanganya. Alikosea. Kidole kidogo hakikufika kilipotakiwa, na kila akifika pale aliruka, na kwaya wakapunguza mwendo wakamsubiri. Maandamano yakawa marefu kuliko kawaida, kuku mmoja akafunguka kamba ya miguu akatoka nje, na hakuna aliyelalamika. Mimi nililia kwa sauti mbele ya watu wote, wala sioni aibu.

Baada ya misa Gabrieli akaja na ule mfuko mkononi, hajui aufanyie nini. Nilimsikia akimwambia baba yako kwamba ahadi ni ya mzee na yeye hana haraka nayo. Baba yako akaupokea, akaupapasa mshono, akalitia gitaa ndani na kufunga zipu mwenyewe, kwa mkono ule, polepole, sote tumesimama tunamngoja.

"Asante kwa mfuko," akamwambia. "Mazoezi ya kwaya bado ni Alhamisi?"

Kwa hiyo mwanangu, Alhamisi baba yako anahamia tena Mikumi, na mimi nabaki na runinga yangu na lile gitaa lako la plastiki tulilorudi nalo. Nimegoma kuyarudisha mawe kwanza. Marciana na mimi tunacheza kila jioni, nalibeba likiwa na uzito wake wote, na namshinda. Wewe tafuta nyuzi mpya za gitaa la mbao uzitume haraka, maana zile zenye kutu zitamkata vidole, na vidole hivyo nimevihangaikia.

Msalimie mkeo, umbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili. Marciana, Abubakari na Devota wanakusalimu. Gabrieli naye anakusalimu, ingawa mfuko wake umekwenda. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na akulete nyumbani ungali unakumbuka njia.

Wako akupendaye daima,
Shangazi Costancia

Baba yako ameikuta barua hii mezani akaisoma yote. Amesema nimepunguza chumvi kwenye habari ya kulia kwangu kanisani, kwamba nililia zaidi ya hapo. Halafu ameomba kalamu aandike jina lake mwenyewe, akaishika kwa mkono wa kushoto, ambao hata alipokuwa mzima hakuwahi kuandikia. Usicheke, ndiyo hilo hapa chini.

THADEO