Balbu Moja, Basi

Karibu na Buna, Wajir
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mke wangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya pipa la dizeli, maana nikikaa nainuka. U hali gani wewe na hilo tumbo? Miguu bado yavimba? Na Rukia wetu, amekubali kulala kwa mamangu au bado analia? Mimi mzima, ila roho haitulii. Kila nikihesabu siku zako kwa vidole naona zimepungua.

Najua unaloniuliza. Nilikwambia nitaondoka huku Ijumaa. Nakumbuka pia ulivyoniambia ukikunja nguo bila kunitazama: "Rukia alizaliwa ukiwa kazini. Huyu naye ukimkosa, utakuwa mgeni humu ndani." Sikusahau, Zuhura. Nilizuiwa na jenereta.

Bosi wetu wa Garissa alitoa neno kwenye redio ya polisi: siondoki mpaka stima ya zahanati hii itulie, maana friji ikizima chanjo za watoto zinaharibika. Jenereta yenyewe ndogo, wati elfu moja tu, na kila asubuhi ilikuwa ikijikaza kidogo kisha swichi kubwa inaruka. Nikaorodhesha mzigo wake: balbu tano za wati sitini, na friji wati mia na themanini. Jumla mia nne na themanini. Ukigawanya kwa volti mia mbili na arobaini, zapita ampea mbili. Mita ikanionyesha sita, kila asubuhi. Sasa hizo nne zinakwenda wapi? Nne mara volti zetu ni wati mia tisa na sitini, karibu jenereta nzima nyingine. Nikagawanya volti kwa hizo nne, nikapata ukinzani, yaani vile kitu kinavyoibana stima isipite ovyo: omu sitini.

Chumba cha akina mama sikuingia. Kina wazazi, na huku mwanamume haingii hivi hivi. Nikamuuliza Adan, mtunza mashine, mle ndani kuna nini cha stima. Akanijibu, "Balbu moja, basi." Nikaandika daftarini: balbu moja tu.

Basi nikaamua kwamba waya unaokwenda chumba kile, uliozikwa chini, umechubuka na unavujisha stima mchangani. Siku mbili nimechimba, mimi upande huu na Adan upande ule. Ijumaa lori la Garissa likapita, dereva akapiga honi, nami nikiwa mtaroni nikampa ishara aende. Nilitaka kulia, nakwambia ukweli.

Waya tukaukuta mzima kama ulivyotoka dukani. Nikatupa jembe nikamfokea Adan: una hakika mle hamna kitu kingine?

Akanitazama kwa huruma. "Warya, fundi, mimi nilikuambia siku ya kwanza. Balbu moja, basi. Ile basi ya mkunga, anafanya hifi." Na mkono wake ukawa unakwenda mbele na nyuma hewani.

Pasi, Zuhura. Pasi ya nguo, ya wati elfu moja. Kila asubuhi mkunga anapiga pasi vitambaa vya kufungia watoto wachanga. Watu wa huku p yao hutoka b, nami mwaka mzima nimekuwa nikiwatania kwa hilo hilo. Halafu hesabu ilikuwa imeshaniambia. Waya unaovuja ukinzani wake hupanda na kushuka, lakini huu ulisimama kwenye sitini kila asubuhi, kama koili, ule waya unaopasha pasi moto. Mita ilisema pasi, Adan akasema pasi, na mimi mwenye Kiswahili cha pwani nikasikia langu. Nimeona haya.

"Sasa mbona ulichimba na mimi siku mbili?" nikamuuliza Adan.

"Nilifikiri unatafuta kitu ingine," akasema.

Mkunga nimemtafutia pasi ya makaa kama yako, na tangu Jumamosi stima imetulia.

Jana Adan alirudi kutoka kituo cha polisi akaniambia, "Fundi, Garissa wanasema likizo imebita." Moyo ukanipasuka. Imepita, yaani imekubaliwa, au imepita ndiyo imekwisha? Safari hii sikuandika kitu. Nikamshika bega, nikamuuliza imepita vipi.

"Imebita. Enda nyumbani kwa mama."

Lori jingine ni Alhamisi, na mawingu siyapendi, mvua ikinyesha barabara hii haipitiki. Barua inatangulia na Land Rover ya polisi, ambayo haina nafasi hata ya mguu wangu. Msalimie mamangu, mwambie asikuache peke yako. Kaka Athmani aende stendi kila basi la Garissa likiingia. Mkunga wetu Bi Mwanaidi mwambie kama anajua kuvuta muda, auvute.

Mkunga wa huku aliposikia habari zako alinipa kitambaa kimoja, kimepigwa pasi, ile ile iliyoniweka huku, kabla sijamletea ya makaa. Nimekitia ndani ya shati. Barua zangu zote huzimalizia kwa neno moja, wewe walijua. Leo siliandiki. Nitalisema mwenyewe, nikishamfunga mtoto wetu kitambaa hiki.

Mumeo,
Hamisi